Minyoo Wasionekane Shuleni

Mimi ndiye mwanamume aliyempa binti yake dawa ya minyoo asubuhi ya siku ile ile ambayo shule ilikuwa imetangaza kuwapa watoto dawa ya minyoo. Sikukosea siku. Sikusahau. Nilifanya makusudi, nikiwa na akili zangu zote, na cheti changu cha kidato cha nne kikiwa kwenye bahasha juu ya kabati. Nilitaka mtoto wangu afike shuleni bila mnyoo hata mmoja, ili dawa ya shule ikiingia tumboni ikute nyumba imefagiliwa.

Ukitaka kucheka, cheka. Mke wangu hakucheka.

Mimi ni fundi wa sare za shule hapa Tuwan, na duka langu ni mlango wa nyumba yangu. Cherehani inakaa kizingitini, nusu ndani nusu nje. Mvua ikija naivuta kwa mguu. Mwenye miguu ya kutembea ni mke wangu. Yeye huuza mitumba sokoni, huko Kitale mjini, na jioni huniletea habari za dunia. Miguu yangu mimi inajua kanyagio la cherehani tu. Wapo watu kwenye ploti hii tunayokaa pamoja wanaoniita mama wa nyumba, na siwezi kusema wanakosea sana. Nguo nafua mimi, maharagwe nachagua mimi, na jani moja likianguka mbele ya mlango wangu sipati amani mpaka nimelifagia. Usafi huo ndio ulioniponza.

Mlango unaotazamana na wangu ni wa jirani yangu, mama muuza viazi. Wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakaja Trans-Nzoia kutafuta shamba. Shamba likaenda kwa kaka zake, yeye akabaki na beseni. Analea mjukuu wake wa kike, ambaye anasoma darasa moja na binti yangu. Mimi na mama huyu hatupendani na hatujawahi kuficha. Ugomvi wetu ulianza kwa kamba ya kuanikia nguo, ukahamia kwenye mfereji wa maji tunaochotea wote, ukaishia chooni, kwa sababu choo ni kimoja na kila mmoja anaamini kwamba anayekichafua ni mwenzake. Kanisani, tukiambiwa tupeane mkono wa amani, tunapeana kama watu walioshikishwa samaki.

Lakini lililonikera kuliko yote ni kwamba mjukuu wake alikuwa akiila nyumba yangu. Simaanishi kwa mafumbo. Nyumba yangu ni ya udongo, na mtoto yule alikuwa akija kwenye kona, anakwaruza kwa ukucha, analamba kidole, anakwaruza tena. Shimo lilikuwa limefika ukubwa wa bakuli.

"Mama, mjukuu wako anaimaliza nyumba yangu," nilimwambia jirani siku moja.

"Si ujenge na mawe," akanijibu bila kuinua kichwa kwenye viazi. "Mtu mzima analala ndani ya chakula ya watoto, halafu ati analalamika."

Nilikuwa na macho. Nilimwona mtoto yule akitembea bila viatu nyuma ya choo kutwa nzima. Nilimwona akiacha kuruka kamba katikati ya mchezo na kukaa chini kama bibi kizee. Ukimtazama ndani ya kope la chini, palikuwa peupe kama ukosi wa shati jipya. Biolojia niliisoma, na habari za minyoo wanaoingia kwa nyayo na kunywa damu ya mtoto zilikuwa kwenye mtihani wetu. Nilipata alama nzuri. Basi nilifanya nini? Nilikanda udongo nikaliziba shimo. Mtoto akafurahi, maana udongo ulikuwa mbichi.

Mwalimu wa darasa lao, msichana mpole aliyetoka chuoni juzijuzi, alikuja kwangu kupimwa sketi. Akaniambia kwamba wiki ile watoto wote watapewa dawa ya minyoo shuleni, tembe moja ya kutafuna, na kwamba asubuhi hiyo kila mtoto anywe uji kwanza. Jirani alikuwa mlangoni kwake akisikia kila neno. Mwalimu alipoondoka, akaangua kicheko.

"Vizuri. Sasa tutajua ni nyumba gani iko na minyoo."

"Wanapewa wote, mama. Hata wale hawana."

"Kupewa watapewa wote. Lakini kutoka, zitatoka kwa wengine." Akanielekezea kisu cha viazi. "Kwa dada yangu huko Cheptais, kuna mtoto wa mtu mmoja msafi hivi kama wewe. Zilimtoka mbele ya mwalimu mkuu, shule yote ikiona. Wewe fagia tu mlango, fundi. Tumbo utafagia na nini?"

Angekaa kimya, yote haya yasingetokea. Au nisingekuwa mimi. Lakini swali lake lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa Mabanga, kwa mama yangu.

Nyumbani kwetu Mabanga tulikuwa tunasafishwa matumbo kabla ya kwenda kwa watu. Ikikaribia Krismasi, au tukialikwa kwa wajomba mwezi wa Agosti vijana wakitahiriwa, mama alitupanga uani alfajiri, kila mmoja na kikombe cha mwarobaini uliochemshwa. Hatukuruhusiwa kutia kitu kingine mdomoni, kwa sababu dawa ilipaswa kuwakuta minyoo wakiwa na njaa. "Hamtaenda kuniaibisha kwa watu," alikuwa akisema, huku ametubana pua. Kwangu mimi hiyo ilikuwa mila kabisa, sawa na kuoga kabla ya kwenda kanisani.

Basi siku ya dawa ilipofika, mke wangu alipoondoka tu kwenda sokoni, nikachemsha.

"Baba, mwalimu alisema uji," binti yangu akasema.

"Uji utakunywa ukirudi."

"Alisema kabla."

"Mwalimu wako ni mtoto wa juzi. Kunywa."

Alikunywa huku machozi yakimdondoka ndani ya kikombe. Nikampangusa mdomo, nikamfunga kamba za viatu, nikamtazama akienda na tumbo lake safi na tupu, nikajiona mzazi.

Nilikuwa nikipanga marinda mwanamke mmoja alipokuja mbio kutoka upande wa shule akipiga kelele, "Fundi! Mtoto wako amekufa shule!"

Nilikimbia na ndala miguuni, tepe ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Pini sijui niliitemea wapi. Nilipofika nikamkuta binti yangu hajafa. Alikuwa ameketi barazani, uso umelowa, macho makubwa. Alikuwa ametafuna tembe ya shule, akakaa kidogo, akatapika na kuanguka. Viatu vyeupe vya mwalimu vilikuwa vimerukiwa na kitu cha kijani. Kijani kile nilikitambua, maana nilikichemsha mwenyewe.

Wazazi walikuwa wamejaa langoni, na wengine walikuwa wanazidi kufika.

"Wanajaribia dawa kwa watoto yetu!"

"Ati ni ya kufunga kizazi! Hawa wasichana hawatazaa!"

"Si wangeanza na watoto ya wakubwa huko Nairobi!"

Mwalimu alikuwa amekumbatia kopo la dawa kifuani. Mzee mmoja, ambaye ninamshonea suruali, alimsukuma bega. Jirani yangu alipita katikati ya watu kama trekta, akamkamata mjukuu wake aliyekuwa kwenye foleni, zamu yake imekaribia kabisa, akamvuta nje.

Mwalimu akaniona. Akapaza sauti ili watu wasikie.

"Baba, tafadhali waambie. Mtoto alikula nini asubuhi?"

Watu wote wakanigeukia. Sijawahi kusikilizwa na watu wengi hivyo.

"Chai na mkate," nikasema. Halafu, kwa sababu uwongo ukishatoka unataka kuvalishwa vizuri, nikaongeza, "Na siagi."

Siagi hiyo inaniuma mpaka leo. Nyumba yetu ilikuwa haijaona siagi tangu Krismasi.

Baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza mwalimu. Mwalimu mkuu aliifungia dawa ofisini, akatangaza kwamba afisa wa afya atakuja siku nyingine ili watoto waliobaki wamalizie. Watu wakamjibu kwamba huyo afisa aje na jeneza lake. Nilimbeba binti yangu mgongoni. Kabla ya saa sita alikuwa amekula ugali, ameomba mwingine, na anaruka kamba.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu mkubwa. Mtu ambaye watoto walikuwa wakimcheka kwa kuanika nguo za mke wake, sasa anaitwa mzazi jasiri. Walikuja na vitambaa ambavyo havikuwa na haraka ili tu wanipe pole, na mimi nilizipokea pole zile kama ninazostahili. Mwalimu naye alizomewa njiani. Mtu alimpaka mavi ya ng'ombe mlangoni. Alipokuja kuchukua sketi yake hakuketi.

"Hata wewe, baba, unaamini niliwapa watoto sumu?"

"Marinda nimeyapiga pasi," nikamjibu.

Alinitazama, akachukua sketi, akaenda. Nimewahi kutukanwa kwa lugha nyingi, lakini hakuna tusi lililonishinda kulimeza kama yale marinda yangu mwenyewe.

Halafu mjukuu wa jirani akaanguka kwenye mfereji, na huyu hakutapika chochote. Alikwenda kuchota maji na kijitungi kidogo, akakaa chini, akalala ubavu, na maji yakaendelea kutiririka kwenye nywele zake. Jirani alimbeba hadi zahanati. Jioni alirudi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaja mpaka kwenye mlango wangu bila kuitwa na ugomvi. Alifungua fundo kwenye pindo la leso, akanionyesha tembe.

"Ni hii ama si hii?"

Ilikuwa ile ile.

"Wamesema damu imeisha," akasema. "Ati minyoo ndio inakunywa. Wamenipa ya kuongeza damu na hii. Walitaka ameze huko huko, nikawaambia atamezea nyumbani, nikatoroka. Ya damu nitampa. Lakini hii…" Akafunga fundo tena. "Mimi niliona wako akianguka. Wako ni mnono, aliamka. Huyu wangu akianguka tena, hana nguvu ya kuamka. Wewe ndio mzazi uliona. Ungekuwa mimi, ungempa?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lingetosha. Nilitazama ile kona ya nyumba yangu, nikaona alama mbichi za kucha.

"Sijui, mama," nikasema.

Aliguna, akaenda zake na tembe yake.

Nyumbani nako mambo yaliharibika wakati wa chakula. Mke wangu alikuwa akilaani dawa ya shule, akimpakulia binti yetu sukuma, na binti yetu, aliyelelewa asiseme uwongo, akasema, "Lakini ya shule ilikuwa tamu, Mama. Ya uchungu ni ile ya Baba."

Mwiko ukasimama hewani.

"Ya Baba gani?"

Nikaeleza. Nilianza na Mabanga, nikapitia kwa wajomba, nikajaribu kumfikisha kwenye mila. Hakunifuata mpaka huko.

"Na siagi?" akaniuliza. "Wanawake huko soko wananiuliza siku hizi tunakula siagi gani. Utaenda uwaambie watu."

"Wataniua."

"Basi utakaa kaburini. Si unapenda kukaa?"

Kesho yake nilifanya jambo ambalo halijawahi kuonekana Tuwan: nilisafiri kwa hiari yangu. Nilisema naenda Mabanga kuchukua mahindi. Mama nilimkuta shambani, ameinama kwenye maharagwe, na nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia niketi. Alicheka mpaka akashikilia jembe. Nilipofika kwa mjukuu wa jirani na tembe iliyofungwa kwenye leso, akaacha kucheka. Aliniambia kwa Kibukusu, lakini maana yake ni hii:

"Nani alikudanganya kwamba ile ilikuwa mila? Ule ulikuwa umaskini. Hakuna mtu aliyetuletea kitu kingine, nikachemsha nilichokuwa nacho. Na mlikuwa mnatapika! Wewe ulimtapikia mjomba wako kwenye kanzu. Siku hizi watoto hapa wanapewa dawa shuleni, na uji wao napika mimi. Ile sufuria ya mwarobaini niliitoboa nikapanda vitunguu."

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Unaniuliza mimi? Rudi leo. Mahindi utapewa ukishasema."

Sikupewa hata chai.

Siku afisa wa afya aliporudi, wazazi walijipanga langoni kuzuia watoto wasipewe. Jirani yangu alikuwa mstari wa mbele, amemshika mjukuu wake mkono. Mtoto alikuwa amejiegemeza kwenye paja la bibi yake kama nguo iliyosahauliwa kwenye kiti. Mke wangu hakwenda sokoni siku hiyo. Alisimama nyuma yangu, na kila nikirudi hatua nilimkanyaga.

"Nataka kusema kitu," nikasema. Hakuna aliyesikia. Mke wangu akanidunga mgongoni kwa kidole. "Mtoto wangu hakuangushwa na dawa ya shule!"

Hapo wakasikia.

Nilisema yote: mwarobaini, njaa, na kwamba nilitaka minyoo wasionekane shuleni nikaonekana mchafu. Niliposema hilo la mwisho, mtu mmoja alicheka. Wengine hawakucheka.

"Kwa hivyo tumemtukana mwalimu bure?" akauliza yule mzee wa suruali.

"Wewe hukumtukana tu, wewe ulimsukuma," mwanamke mmoja akamwambia.

"Nilisukuma kwa sababu ya huyu mjinga! Nirudishie kitambaa changu. Leo. Hata kama umekata."

"Na changu!"

"Ati msafi! Mtu anapika sumu asubuhi mapema halafu anakuja kupokea pole!"

Mwalimu alikuwa ameshuka barazani. Alikuwa na viatu vyeusi.

"Na siagi?" akaniuliza.

"Hakukuwa na siagi, mwalimu."

Alitikisa kichwa, akarudi kwa watoto wake. Hajaniletea nguo tena tangu siku hiyo, na simlaumu.

Ndipo jirani akatoka mstarini. Alimwachia mjukuu wake mkono, akaja mpaka mbele yangu, akafungua fundo la leso. Tembe ilikuwa imeshika rangi ya kitambaa kwenye ukingo.

"Kula."

"Mimi?"

"Si unasema mbaya ni ile yako? Kula hii nione."

"Mama, hiyo ni ya mtoto."

"Ya mtoto iko pale kwa mwalimu. Kula."

Nilikula. Ilikuwa na utamu wa chaki iliyopakwa sukari. Nikaitafuna mbele ya wazazi, walimu, na watoto wa shule nzima waliokuwa wamepanda madirishani, binti yangu akiwa mmojawapo, akipunga mkono. Nilitaka kuketi kwenye jiwe.

"Usikae," jirani akasema. "Simama hapo hapo nikuone."

Basi nikasimama. Alinitazama machoni, akanitazama tumboni, akanizunguka hata nyuma, kama anayenunua ng'ombe huku akimshuku. Hakuna aliyeondoka. Jua lilinipiga kichwani, jasho likanitoka, na kila nilipopangusa uso watu walisema "Eheee!" wakingoja nianguke. Nafikiri wengine walikuwa wakiomba nianguke.

Sikuanguka. Jirani akasonya, akaniacha hapo kama mti, akamshika mjukuu wake mkono.

"Alikunywa uji," akamwambia mwalimu. "Wa maziwa. Si siagi."

Mtoto akafungua mdomo, akatafuna, akameza. Bibi yake alimfungua mdomo tena kwa vidole, akachungulia kuhakikisha.

Sitaki kusema kwamba wote walimfuata. Wengine waliwavuta watoto wao wakaenda nao nyumbani, kwa hasira tu, maana sasa hawakujua wamkasirikie nani zaidi. Wengine wakawaacha. Foleni ikatembea. Mimi muhula huo sikushona sare kwa mtu. Nilishona viraka vya nguo zetu, nikajifunza kwamba mkimya kuliko cherehani iliyokosa kazi ni mke uliyemficha jambo.

Mtoto aliendelea kunywa dawa ya damu aliyopewa zahanati, na bibi yake akamnunulia ndala. Ile kona ya nyumba yangu niliiziba tena. Safari hii udongo ulikauka. Nilikuwa nikiupitia kila asubuhi nikitafuta alama ya kucha, na asubuhi moja niligundua kwamba natafuta kwa sababu ya mazoea tu. Nilimsikia mtoto yule akigombana na binti yangu kuhusu kamba ya kuruka, kwa sauti ile ile ya bibi yake, sauti ya mtu mwenye damu.

Ndipo jirani akaja mlangoni kwangu na sare ya mjukuu wake mkononi. Alikuwa mteja wa kwanza. Nilisimama, nikavuta kiti, nikakipangusa, nikatafuta maneno ya kumwambia, kitu kuhusu kusameheana. Hakuketi. Aliirusha ile sare juu ya cherehani yangu, akasema:

"Panua hapa mabegani, mtoto amepata mwili. Na usiende kujisifu kanisani ati ni wewe ulimponya, fundi. Wewe ulimchelewesha tu."